Hadithi za upelelezi na mizuka kwa jioni za Oktoba hadi Krismasi: tuanze na ipi, na tuzisomeje?

Fundo_la_Kanga:

Wakuu, wakaka na wadada, salaam. Tupo Leicester, Uingereza, watu wanane au tisa: Watanzania, Wakenya na familia moja kutoka Lubumbashi. Saa zikisharudishwa nyuma ile Jumapili ya mwisho ya Oktoba, jua linazama saa kumi na nusu na kitu, na jioni inabaki ndefu haina pa kwenda. Tunataka kila Jumamosi, kuanzia Oktoba mpaka wiki ya Krismasi, mmoja asome kwa sauti wengine wasikilize. Tunatafuta hadithi za kutisha zenye fumbo ndani yake, hasa zile za sikukuu za msimu huu, Halloween na Krismasi. Muda wetu ni saa moja na nusu usiku hadi saa tatu. Watoto wa miaka 10 hadi 14 watakuwepo, na wazee wawili ambao Kiingereza cha vitabu kinawachosha.

Naomba msaada: hadithi zipi zinatosha ndani ya muda huo? Tusome Kiingereza au tutafsiri papo hapo? Na mnafanyaje ili aliyekwisha kusoma asiwaharibie wenzake?

Kiko_na_Koti:

Kabla ya majina ya hadithi, amueni kwanza jambo moja: mzuka wa kwenye hadithi zenu una maelezo au hauna? Vikundi vingi vinavunjikia hapo bila kujua sababu.

Aina ya kwanza ni upelelezi halisi. Kuna mbwa wa ajabu, kuna nyayo, kuna sauti usiku, lakini mwisho kila kitu kinafumbuliwa kwa akili ya kawaida. Ronald Knox, kasisi aliyekuwa pia mwandishi wa upelelezi, aliandika kanuni kumi za kazi hiyo mwaka 1929, na ya pili inakataza kabisa nguvu za kimizimu kuwa jibu. Mlango ukifunguka wenyewe, msikilizaji ana haki ya kudai aonyeshwe kamba ilipofungwa. Aina ya pili ni mzuka wa kweli: hakuna mkosaji wa kukamatwa. Ya tatu inakuacha njia panda. The Turn of the Screw ya Henry James (1898), ambayo inaanza na watu waliozunguka moto mkesha wa Krismasi, bado watu wanabishana kama mizuka ilikuwepo au ilikuwa kichwani mwa yaya.

Mkichanganya aina hizi wiki kwa wiki, mtu aliyekaa saa nzima akikusanya dalili ataambiwa mwishoni kwamba aliyefanya yote ni mzuka, basi. Atahisi ametapeliwa, na Jumamosi ijayo haji. Ila mkitangaza "leo mzuka ni wa kweli" mmeshaharibu nusu ya utamu. Dawa ni kupanga kwa mwezi, siyo kwa hadithi: Oktoba na Novemba upelelezi tu, Desemba mizuka. Mpangilio huo unafuata pia desturi ya Waingereza wenyewe, maana kwao hadithi ya mzuka ni ya Krismasi kuliko ya Halloween. M. R. James, msomi wa King's College kule Cambridge, alikuwa akiwasomea marafiki zake hadithi zake za mizuka wakati wa Krismasi kwa mwanga wa mshumaa, na kitabu chake cha kwanza cha hadithi hizo kilitoka 1904.

Sasa majina. Kwa sauti ya kawaida hesabuni maneno 140 kwa dakika.

The Hound of the Baskervilles ya Conan Doyle ndiyo ya Oktoba, na siyo kwa sababu ya mbwa peke yake. Barua za Watson, rafiki wa mpelelezi Sherlock Holmes, katika sura ya 8 na ya 9 zina tarehe 13 na 15 Oktoba, sura ya 10 ni shajara ya tarehe 16, na ya 11 inaanza kwa kusema habari imefika tarehe 18. Kitabu kina sura 15 na maneno yanayokaribia 60,000, yaani takriban saa saba, wastani wa nusu saa kwa sura. Mkiweza kusoma sura moja kila usiku, hata kwa simu ya pamoja, anzeni tarehe 6: sura ya 8 itaangukia tarehe 13. Pumzikeni 14, kisha 15, 16, ruka 17, endeleeni 18 hadi 21. Sura ya 15, ambapo Holmes anaeleza yote, inatokea mwisho wa Novemba, usiku wa ukungu, wamekaa kando ya moto. Iwekeni hadi hapo.

Halloween yenyewe ina Hallowe'en Party ya Agatha Christie, 1969. Msichana wa miaka 13 anajigamba wakati wa maandalizi ya sherehe kwamba aliwahi kuona mtu akiuawa; sherehe inapoisha anakutwa amekufa, kichwa ndani ya ndoo ya mchezo wa matufaha. Mpelelezi Poirot anaitwa. Ni riwaya nzima, haitoshi jioni moja, na aliyeuawa ni rika la watoto wenu. Watu wazima waisome kila mmoja kivyake Oktoba yote, mjadala uwe tarehe 31 watoto wakiwa wamelala.

The Adventure of the Blue Carbuncle, ya Conan Doyle pia (Januari 1892), inafaa Jumamosi ya kabla ya Krismasi: maneno kama 8,000, karibu saa moja. Hakuna maiti, hakuna damu. Kuna bata bukini wa sikukuu na kito kilichoibwa hotelini. Wafugaji watalalamika kwamba bata bukini hana kile kifuko cha shingoni ambamo kito kilikutwa, na wana haki. Waacheni walalamike mwishoni.

Sijali_wa_Ubungo:

Sisi na Halloween wapi na wapi jamani. Kesho mtatuambia tuchonge maboga.

Kiko_na_Koti:

@Sijali_wa_Ubungo asiyeitaka ataanzia Novemba, hadithi haziozi. Maboga yanaoza: boga lililochongwa likikaa sebuleni penye joto, wiki haimaliziki limeshaota ukungu. Likae nje. Na hilo kubwa la kuchonga msilipike la nazi, lina maji mengi na ladha hakuna.

Sauti_ya_Jioni:

Mkuu Kiko amemaliza upande wa majina, mimi nachangia kwenye usomaji wenyewe, kwa sababu hadithi nzuri huuawa na msomaji mbaya kila siku.

Msikilizaji hawezi kurudi nyuma kurasa mbili kuangalia yule mjomba alikuwa nani. Kwa hiyo kila hadithi iwe na kadi kubwa mezani yenye majina ya wahusika, kila jina na maneno matatu au manne: "daktari, jirani, ana mbwa mdogo". Mkizidi wahusika wanane bila kadi, nusu ya chumba imepotea kabla ya maiti ya kwanza. Kadi isiandikwe na anayejua mwisho, atajisaliti bila kukusudia: mkosaji utakuta ameandikiwa maelezo marefu kuliko wengine.

Kosa hilohilo linatokea kwenye sauti. Anayejua jibu akifika kwenye dalili anapunguza sauti, anasoma polepole, anainua macho. Chumba kizima kinajua. Dalili isomwe kwa mwendo uleule wa maelezo ya hali ya hewa. Kama hamna mtu wa kujizuia hivyo, gaweni kazi: asiyejua mwisho asome mpaka penye kituo cha kukisia, na anayejua amalizie. Huyo wa kwanza apewe kurasa zake peke yake afanyie mazoezi, zingine zibanwe kwa klipu.

Kutafsiri papo hapo msithubutu. Msomaji anakwama kila sentensi ya tatu, muda unaongezeka, na woga unayeyuka. Hofu inajengwa na mwendo usiokatika. Kuna njia mbili zinazofanya kazi. Ya kwanza: dakika tatu za Kiswahili kabla ya kuanza (wapi, akina nani, nani ndugu wa nani), kisha Kiingereza, na mapumziko ya dakika mbili kila baada ya dakika ishirini kuwajuza wazee tulipofika. Ya pili ni kutafsiri mapema hadithi moja fupi na kuisoma yote kwa Kiswahili. Msijaribu zaidi ya moja kwa msimu wa kwanza. Maneno 5,000 ni kazi ya jioni kadhaa.

Hiyo moja iwe The Signal-Man ya Charles Dickens, Krismasi ya 1866. Inasomeka kwa dakika 35 hadi 40. Mfanyakazi wa reli, peke yake kwenye kibanda karibu na mdomo wa handaki, taa nyekundu, na mtu anayetokea kabla ya kila ajali. Dickens mwenyewe alikuwa ndani ya treni iliyopata ajali Staplehurst tarehe 9 Juni 1865, watu kumi wakafa, na unaisikia hofu hiyo haijatengenezwa mezani.

Angalizo la kiufundi: hadithi yote imetundikwa kwenye mwito mmoja unaorudiwa. Mwito wa mwanzo kabisa, ule wa katikati na ule wa ukurasa wa mwisho lazima viwe maneno yaleyale, kwa sauti ileile, na mkono uleule ukifunika macho. Mtafsiri akiandika "wewe huko chini!" mwanzoni na "hujambo huko bondeni!" mwishoni, hitimisho linaanguka na hakuna atakayeelewa kwa nini msimuliaji alishtuka. Andikeni mwito huo kwenye karatasi pembeni kabla ya kuanza sentensi ya kwanza.

Mwendo: anzeni na yale maneno 140 kwa dakika, mkikaribia mwisho shukeni hadi 120. Msishuke mapema. M. R. James alishauri kwamba hadithi ya mzuka ianze kwa utulivu, watu wakiwa kwenye shughuli zao za kawaida, na jambo baya lichungulie kidogokidogo. Msomaji anayeanza kwa sauti ya kunguruma tangu aya ya kwanza hana tena pa kupandia.

Chemli_Nusu:

Mambo ya mwanga, maana naona mtaleta mishumaa.

Mshumaa mmoja unatoa lumeni kama 12. Huwezi kusomea kitabu cha herufi ndogo kwa saa nzima, macho yatauma na utaruka mistari. Msomaji awe na taa yake nyuma ya bega: balbu ya LED ya wati 5 au 6, lumeni kama 450, ya rangi ya manjano (kwenye boksi tafuta 2700K). Ile nyeupe ya 6500K inafanya sebule ifanane na zahanati. Taa nyingine zote zimeni. Mishumaa miwili juu ya sahani ya udongo, mbali na pazia na watoto, ni ya macho tu. Ikizimwa, izimwe mbali na king'ora cha moshi, kwa sababu ni ule moshi wa utambi uliozimwa unaokiamsha. Betri za king'ora msizitoe hata kwa dakika moja.

Mnaosomea kwenye simu au kishikwambi: washeni hali ya ndege. Hakuna kinachoua mzuka kama ujumbe wa "salio lako" juu ya skrini.

Vitafunwa viwe vya kimya. Bisi, karanga za maganda na krispi zinafunika sauti pale msomaji anaponong'ona. Tende, mkate wa sinia, keki, hivyo havina kelele. Kaimati ni kimya pia ila shira itahamia kwenye kurasa. Chai ya tangawizi imiminwe kwenye chupa kabla, birika lisije likapiga mluzi katikati.

Mpinga_Kiasi:

Nakubaliana na mengi ila hili la kuiweka sura ya 15 ya Hound mpaka mwisho wa Novemba, hapana. Linapendeza kwenye karatasi. Sura ile ndiyo inayofunga nyuzi zote: viatu, barua ya magazeti yaliyokatwakatwa, uhusiano wa wale watu wa nyika ile (moorland). Baada ya wiki tano nani anakumbuka kiatu kipi kiliibwa kwanza, kipya au cha zamani? Na hilo swali la kiatu ndiyo dalili bora ya kitabu kizima. Someni 14 na 15 usiku mmoja. Mkitaka sana ile mandhari ya moto na ukungu, fungueni dirisha.

Pia ratiba ya kila usiku siyo ya watu wenye zamu. Kwa Jumamosi peke yake, dakika tisini zinabeba sura tatu, kwa hiyo Jumamosi tano. Hapo tarehe hazitaoana na za Watson, lakini kitabu kitaisha.

Kiko_na_Koti:

Hoja ya kiatu naikubali nusu. Kadi ya dalili ikitunzwa ukutani, wiki tano si kitu. Bila kadi, fuateni ya Mpinga.

Fundo_la_Kanga:

Asanteni sana. Hiki "kituo cha kukisia" alichosema dada Sauti kinawekwa wapi hasa? Na mnatoaje alama?

Sauti_ya_Jioni:

Kwenye riwaya ya upelelezi ya kawaida, kinawekwa baada ya dalili ya mwisho na kabla mpelelezi hajawaita watu wote chumba kimoja. Mara nyingi ni pale kurasa zinapobaki moja ya tano au pungufu. Alama ya kuipata: mpelelezi anasema sasa ameelewa, lakini hasemi nini. Funga kitabu hapohapo. Riwaya za mwanzo za Ellery Queen, kuanzia ya 1929, zinakurahisishia kazi: mwandishi mwenyewe anasimamisha hadithi na kumwambia msomaji dalili zote anazo, haya, jibu.

Karatasi ya kukisia iwe na mistari mitatu: nani, kwa nini, na dalili gani imekuonyesha. Dakika tano za kimya, ikunjwe, itiwe kwenye kopo la biskuti. Jina sahihi bila dalili lisipate alama, la sivyo mtoto wa miaka 10 atachagua yule mpole kupita wote na kushinda kila wiki. Dalili sahihi hata kama jina si lenyewe, ipewe alama moja. Aliyewahi kusoma kitabu au kuona filamu yake haandiki. Huyo ndiye msomaji wa sehemu ya mwisho, na kwa kuwa ana kazi, hana nafasi ya kutoboa siri. Mwangalieni sana aliyeona filamu tu: ile ya 2023 iliyotokana na Hallowe'en Party imehamishiwa Venice baada ya vita na imebadilishwa mengi, kwa hiyo atawapotosha bila kujua.

Blue Carbuncle haina kituo, msiilazimishe. Ni hadithi ya kufuatilia kutoka duka hadi duka. Swali la kuwauliza watoto ni lile la kofia mwanzoni: kabla Holmes hajasema anachokiona kwenye kofia kuukuu, zungusheni kofia yoyote chumbani na kila mmoja aseme analoweza kusoma juu ya mwenyewe.

Mwana_wa_Malindi_Unguja:

Mbona hamtaji cha kwetu? Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kilishinda shindano la uandishi la 1957/58 na kuchapishwa 1960. Bwana Msa na kiko chake, rafiki yake Najum pembeni kama Watson, na maiti imekutwa mzimuni, mahali ambapo watu hupeleka nadhiri. Si hadithi ya sikukuu, nakubali, lakini ni aina ya kwanza ya Kiko: watu wanawaza mizimu, Bwana Msa anawaza binadamu. Wazee wenu hawatahitaji mkalimani. Mazungumzo ni mengi na marefu, kwa hiyo wasome wawili, mmoja ashike Bwana Msa na mwingine wengine wote. Kiswahili chake ni cha Unguja, msomaji wa bara au wa Lubumbashi apitie kurasa zake mchana asije akajikwaa usiku. Nendeni nacho Novemba, Jumamosi kadhaa mfululizo.

Na kabla mtu hajaanza kurekodi: kusomeana sebuleni hakuna shida, kuweka mtandaoni ni jambo lingine. Dickens, Conan Doyle na M. R. James haki zao zimekwisha Uingereza, rekodini mtakavyo. Christie alifariki 1976, kwa hiyo huko kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2046. Cha Bwana Msa nacho kina wenyewe.

Chemli_Nusu:

Nyongeza ya Leicester: angalieni tarehe ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, mwaka huo, maana ikiwa karibu na usiku wa Guy Fawkes wa 5 Novemba mtakuwa na fataki wiki mbili mfululizo. Jumamosi hizo wekeni sura zenye mwendo na watu wengi. The Signal-Man inataka kimya, ngojeni Desemba.

Fundo_la_Kanga:

Nimeyachukua yote. La mwisho: watoto wanataka ule mchezo wa matufaha kwenye ndoo, wa kung'ata bila mikono. Una maana tuufanye?

Mpinga_Kiasi:

Mfanye kabla ya kusoma, baada ya Christie hakuna atakayeinamisha kichwa. Ila sebule yenye zulia na vinywa tisa kwenye maji yaleyale msimu wa mafua, mimi ningeacha ndoo. Fungeni matufaha kwa uzi kwenye vikonyo, ning'inizeni kwenye kamba usawa wa kidevu cha mtoto, mikono nyuma. Chagueni madogo yenye vikonyo vigumu; makubwa yanamzunguka mtoto usoni na hayang'atiki. Uzi wa kushonea unakatika, tumieni wa kufungia vifurushi.